Kinywa na Mkono wa Mwenyewe: Majeraha Tunayojitia Bila ya Kujua



Katika safu hii tumekwisha kusema mara nyingi juu ya maradhi yanayotujia kwa njia ya maji, mbu, na chakula kisichofunikwa. Mwezi huu twataka kusema juu ya dhara la namna nyingine, dhara ambalo halikuletwa na mdudu, wala baridi, wala jicho la jirani, bali limeletwa na mwenye kinywa mwenyewe, kwa meno yake, kwa kucha zake, au kwa dawa aliyojitia kwa mkono wake. Majeraha ya namna hii ni mengi kuliko watu wadhanivyo, na sababu za kutojulikana ni mbili: wengine hawajui kuwa wao ndio wanaojiumiza, na wengine wajua, lakini waona haya kusema. Na maadamu sababu haikujulikana, kidonda hupakwa dawa hii na ile, nyumba nzima ikahangaika, na kile kinachokichokoa kidonda kikaendelea kila siku.

Mwandishi wa safu hii alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha meno cha hospitali moja ya pwani, akimsaidia daktari. Asubuhi moja, kabla hatujafungua mlango, alikuja mama mmoja naye analia, amempakata mwanawe wa miaka sita. Jana yake mtoto yule alikuwa kwetu, akang'olewa gego la chini. Sasa mdomo wake wa chini ulikuwa umevimba hata umepinduka nje, na kwa ndani una utando mweupe wenye umanjano. Mama alikuwa na yakini kwamba sindano tuliyompiga ilikuwa chafu na kwamba mdomo umeoza. Baba yake alikuwa amekwisha kununua vidonge vya antibiotiki dukani usiku ule ule, akampa viwili.

Mdomo haukuoza. Mtoto aliutafuna mwenyewe. Sindano ya ganzi inayopigwa kwa ajili ya gego la chini hailitii ganzi jino peke yake. Huutia ganzi mdomo wa upande ule, na mara nyingi nusu ya ulimi pia, na ganzi hiyo hukaa saa mbili, tatu, hata nne, muda mrefu baada ya kazi ya daktari kwisha. Mtu mzima huvumilia. Mtoto huona mdomo wake umekuwa kama kitu cha mtu mwingine kilichowekwa usoni pake, basi huufyonza, huuvuta, huung'ata kuujaribu, naye haoni uchungu wowote. Huyu wetu alikuwa amepewa mkate njiani, na pamoja na mkate akatafuna mdomo. Ganzi ilipomtoka magharibi ndipo alipoanza kulia.

Na ule utando haukuwa usaha. Jambo hili latakikana lijulikane katika kila nyumba, kwani huwatisha wazazi wengi bila ya haja. Kidonda cha mguuni hufanya kigaga kikavu. Kidonda cha kinywani, kwa kuwa kimo majini mchana na usiku, hakiwezi kukauka. Hivyo kigaga chake huwa utando laini, mweupe au wa manjano, na huo ni dalili ya kupona. Usaha wa kweli hufuatana na homa, na harufu, na uvimbe unaozidi siku ya tatu badala ya kupungua. Jeraha la mdomo uliotafunwa huvimba sana siku ya kwanza na ya pili, kisha huanza kunywea, na katika juma moja au mawili huwa limepona. Halihitaji antibiotiki. Lahitaji kitambaa safi chenye barafu kuwekwa juu ya uvimbe kwa dakika chache chache siku ile ya kwanza, maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya kusukutulia (nusu kijiko kidogo katika bilauri moja), mafuta mazito ya kupaka mdomo usikauke na kupasuka, chakula laini kisicho pilipili wala ndimu, na parasetamoli kwa kadiri ya umri wa mtoto ikiwa ana maumivu.

Kosa, kwa haki, lilikuwa letu. Hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyemwambia mama yule kwamba mtoto asile wala asiachwe peke yake mpaka ganzi imtoke. Tangu siku ile nilikuwa nikimwambia kila mzazi mara mbili, mara moja ndani na mara moja mlangoni. Nawe msomaji, ukimpeleka mtoto kwa daktari wa meno na usiambiwe, uliza. Mlishe kabla ya kwenda. Mkirudi, mweke mbele ya macho yako, na kama ni mdogo sana, mwombe daktari amwekee pamba iliyoviringwa baina ya meno na mdomo.

Sasa tutalijuaje jeraha la namna hii? Kinywa kina sifa moja ambayo Mwenyezi Mungu hakuipa ngozi ya nje kwa kadiri ile: hupona upesi mno. Utando wa ndani ya shavu hujifanya upya daima, kwa hiyo kidonda kilichotokana na kuumia, kikiondolewa chenye kukiumiza, huonekana kupungua katika siku chache. Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Kipimo cha pili ni mahali. Jeraha la kujitia hukaa pale ambapo jino laweza kufika, au kucha yaweza kufika, au kidonge kiliwekwa. Aghlabu huwa ni moja, au huwa upande mmoja, na umbo lake hufanana na kitu kilichoumiza: mstari, alama ya ncha, kipande kilichobanduka. Mtoto mwenye vidonda vingi vidogo vidogo vilivyotawanyika mdomoni mote, pamoja na homa na fizi nyekundu, huyo hakujiumiza. Huenda ana malengelenge ya kinywa. Na wako watu ambao vidonda vidogo vya mviringo huwajia na kuondoka kila baada ya miezi michache bila ya sababu ya dhahiri. Hao nao si tunaowasema hapa.

Tuanze na dawa, kwa kuwa majeraha mengi ya watu wazima niliyoyaona yalikuwa ya dawa. Mtu huumwa na jino usiku, duka limefungwa, nyumbani mna aspirini. Badala ya kuimeza huiweka juu ya ufizi, pembeni mwa jino, akalala nayo. Alfajiri huamka jino laendelea kuuma vile vile, na ufizi na shavu vimekuwa vyeupe na vyenye makunyanzi kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini, na weupe ule ukibanduka, chini pana nyama mbichi. Aspirini ni asidi. Haiondoi maumivu ya jino kwa kugusa jino. Huyaondoa ikiisha kumezwa na kuingia katika damu. Ikiwekwa juu ya ufizi huunguza tu. Mtoto asipewe kabisa, ama ya kumeza ama ya kuweka: Uingereza iliwazuilia aspirini watoto walio chini ya miaka 12 katika mwaka 1986, na mwaka 2002 umri huo ukapandishwa mpaka 16, kwa sababu ya maradhi mabaya ya ini na ubongo yanayoweza kuwapata.

Mafuta ya karafuu nayo yataka adabu yake. Hatuwezi, sisi watu wa mwambao, kuitukana karafuu. Imelisha nyumba nyingi za Unguja na Pemba, na mafuta yake kweli hutuliza jino. Lakini mafuta yaliyotolewa kwa mvuke si karafuu moja iliyotafunwa. Ni makali. Tone moja juu ya pamba ndogo, likatiwa ndani ya tundu la jino kwa muda mfupi, lafaa. Kuyamimina kinywani, au kuyapaka ufizi mara kwa mara, ni kujiunguza. Na chupa yake isikae mahali pa kufikiwa na mtoto, kwani mafuta hayo yakimezwa na mtoto mdogo yaweza kuliharibu ini lake. Ama wale wanaotia katika jino tumbaku mbichi, au mafuta ya taa, au maji ya betri, nimewaona, na sina la kuongeza isipokuwa kwamba jino walilokuwa wakiliponya lilibaki pale pale, na ufizi ukaondoka.

Mswaki ni jambo jema ambalo hutumiwa vibaya. Kila Mwislamu ajua namna Mtume (S.A.W.) alivyoupenda mswaki, na kwamba asingaliukhofia umma wake mashaka angaliuamrisha kwa kila sala. Lakini kusugua si kupalia shamba. Mwenye mswaki mgumu, awe wa mti au wa dukani, akausukuma kwenda na kurudi kwa nguvu, huukwangua ufizi mpaka ukaondoka shingoni mwa jino, na chini yake jino likachimbika kama mti uliokatwa kwa shoka mara moja. Dalili yake ni rakhisi kuijua: mwenye kutumia mkono wa kulia huumia zaidi upande wa kushoto, katika chonge na meno yanayolifuatia, kwa sababu pale ndipo mkono unapokuwa na nguvu. Mti wa mswaki ulowekwe, utafunwe ncha mpaka nyuzi zilainike, na zile nyuzi zilizochakaa zikatwe. Sugua polepole, kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino. Na mtoto asikimbie na mswaki mdomoni, wala penseli, wala kijiti cha mishikaki. Akianguka nacho hutoboa kaakaa nyuma, mahali ambapo mishipa mikubwa ya damu si mbali. Jeraha la namna hiyo hata likiwa dogo mfano wa tundu la sindano lipelekwe hospitali siku ile ile, na kijiti kikiwa kimekwama, msikichomoe nyumbani.

Kuungua kwa uji wa futari sitakukalia. Kila mwaka mwezi wa Ramadhani huwa na makaakaa yaliyobanduka, na kila mwaka watu hao hao huapa kwamba kesho watasubiri.

Iko ada ya kutafuna shavu kwa ndani, au kung'ata mdomo, ambayo watu wengi wanayo bila ya kujijua. Utamwona mtu anahesabu fedha, au anasikiliza khabari nzito, kinywa chake kinavutwa upande mmoja. Ndani ya shavu, sawa na mahali meno yanapokutana, utakuta weupe uliochanika chanika, wenye nyuzi nyuzi, kama kitambaa kilichosuguliwa mno. (Mstari mmoja mweupe, laini, ulionyooka mahali hapo si kitu; watu wengi wanao.) Weupe huu wa kutafuna si saratani wala haugeuki kuwa saratani, na mwenye nao aambiwe hivyo, maana wengine wakiuona katika kioo hukosa usingizi, na kwa kukosa usingizi hutafuna zaidi. Dawa yake si ya kupaka. Dawa ni mtu kujijua atafunapo, na kutazama ni jambo gani linalomkabili saa zile. Jino lenye ncha kali lisawazishwe na daktari. Mafundi cherehani wanaokata uzi kwa meno, na mafundi viatu na maseremala wanaoshika misumari mdomoni, hao hujichonga meno ya mbele kidogo kidogo mpaka yakafanya mapengo madogo. Wapewe mkasi, na wapewe kikopo.

Nimefika kwenye jambo ambalo ndilo khasa lililonifanya niandike.

Aliletwa kwetu binti wa miaka kumi na miwili, ameshikwa mkono na shangazi yake. Ufizi wa jino moja la juu, chonge la kushoto, ulikuwa umepanda hata shina la jino likaonekana, na ukingo wake ulikuwa mbichi, unatoka damu. Fizi nyingine zote zilikuwa safi kama za mtoto aliyefunzwa vizuri. Shangazi alikuwa amefanya yote ayajuayo. Alimpa machungwa miezi miwili, kwa kuwa alisikia kwamba ukosefu wa matunda huharibu fizi, alimpa dawa ya minyoo, alimnywesha kombe, alimwendea daktari mmoja akapewa dawa ya kusukutua, na mwingine akapewa nyingine. Kidonda kilikuwa kikipona siku nne, kisha kikirudi.

Daktari wetu alimtazama kinywa kwa muda mfupi tu, kisha akamtazama mikono. Kucha tisa zilikuwa zimetafunwa mpaka nyama. Ya kumi, ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ilikuwa ndefu.

Hakusema neno mbele ya shangazi. Alimwomba akae nje, mlango ukiwa wazi, na muuguzi wa kike akabaki ndani. Kisha hakuuliza, "Kwa nini wafanya hivi?" Aliuliza, "Ukucha huu huugusa ufizi wakati gani, mwanangu, mchana au usiku?" Binti alinyamaza, baadaye akasema, "Usiku." Mama yake alikuwa amefariki mwaka ule, naye akahamishiwa kwa shangazi, akapewa chumba cha peke yake, kwa heshima. Alikuwa hajapata kulala peke yake tangu azaliwe. Aliukwaruza ufizi mpaka uchungu ukaja, na uchungu ulipokuja, alisema, akili yake ilitulia akalala.

Wasomaji watafahamu kwa nini nimelieleza hili kwa urefu. Jeraha la namna hii likigunduliwa, jambo la kwanza liujialo ulimi wa mzazi ni kukaripia: "Kumbe wewe ndiye! Umetutia gharama bure!" Na neno hilo huharibu kila kitu, kwani mtoto hataacha, atajificha, atahama ufizini akaenda mahali pasipoonekana. Huyu hakufanya kwa utukutu, wala hakufanya ili ahurumiwe, wala hakupagawa. Shangazi, alipoelezwa, alitaka kulia, na daktari akampa kazi ya kufanya badala ya kulia: kucha zikatwe fupi kila Ijumaa, na ampangie binti alale chumba kimoja na binamu yake wa kike. Hospitali ilitengeneza kifuniko chembamba cha plastiki cha kuvaa usiku juu ya meno yale, nacho pia kilikuwa kama shahidi: ufizi ulipofunikwa ulipona, jambo ambalo maradhi ya damu au ya ukosefu wa matunda yasingalilikubali. Akapelekwa pia kwa mtu wa kuzungumza naye, kwa miezi kadhaa. Ufizi ulifunga, ukawa wa rangi yake. Haukurudi chini mahali pake pa zamani. Ufizi uliokwisha kuondoka kwa namna hiyo haurudi wote peke yake.

Basi ukimwona mtu, mdogo au mkubwa, ana jeraha la kinywa lenye umbo lisilofanana na maradhi yajulikanayo, mahali pa kufikiwa na mkono, linalopona na kurudi, na mwenyewe khabari zake hazielezeki, mtafute faraghani na umwulize kwa upole. Na ikiwa ajiumiza mahali pengine mwilini pia, au amesema neno la kutaka kufa, usingoje kesho. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna na wasioweza kujizuia kabisa. Katika mwaka 1964, huko Marekani, madaktari wawili, Michael Lesch na William Nyhan, walieleza ugonjwa wa kuzaliwa nao, unaowapata karibu wanaume watupu, ambao mtoto hutafuna midomo na vidole vyake mpaka vikakatika, ilhali ahisi uchungu na aomba azuiwe. Ni ugonjwa nadra. Wako na watoto wengine, nao nadra, waliozaliwa bila ya kuhisi maumivu, ambao meno yakiota tu hujitafuna ulimi. Naitaja khabari hii kwa sababu mtoto wa namna hiyo katika mji wetu angaliitwa mwenye pepo na kufungwa mikono, na wala asingaliona daktari. Mwenye kifafa naye huung'ata ulimi wake, aghlabu ubavuni, katika kupoteza fahamu. Msimtie kijiko wala kidole baina ya meno; mlazeni ubavu, mwondoleeni vitu vigumu karibu, ngojeni. Fahamu zikisharudi, kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha kwa dakika kumi. Likiwa limeachana wazi au damu haisimami, lashonwa hospitali. Tukio likipita dakika tano, mpelekeni upesi bila ya kungoja.

Hata mtoto wa kunyonya aweza kujijeruhi. Wazee wetu waliliogopa jino lililokuja kinyume cha desturi. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, na kamusi za zamani zimelihifadhi neno hilo pamoja na ukatili uliofuatana nalo. Mtoto anayezaliwa na jino, ambalo mara nyingi huwa la chini mbele, hana mkosi wowote; ana jino. Dhara lake ni kwamba ulimi ukitoka kunyonya husuguana na ukali wa jino, kikatokea kidonda chini ya ulimi, na mtoto akakataa ziwa na kukonda. Antonio Riga wa Italia alikieleza kidonda hicho mwaka 1881, na mwenzake Fede akakichunguza mwaka 1890. Daktari aweza kulisawazisha jino, au kuling'oa ikiwa linalegea na yakhofiwa mtoto kulivuta kooni. Asiling'oe bibi kwa uzi: damu ya mtoto mchanga katika siku za kwanza haijawa na nguvu ya kuganda.

Na kwa kuwa tunasema juu ya watoto wachanga, lazima niseme na hili, ijapokuwa ni chungu. Si kila jeraha linaloambiwa "amejiumiza mwenyewe" lilitoka kwake. Kuna uzi mdogo wa nyama unaounganisha mdomo wa juu na ufizi. Mtoto aanzaye kutembea huweza kuukata kwa kuanguka, na hayo ni mambo ya kawaida. Lakini wa mtoto ambaye hata kutambaa hajaanza ukikutwa umekatika, pana haja ya kuuliza nani alimlisha, na kwa namna gani, na kwa hasira gani.

Nimeiacha tambuu mwisho kwa kuwa ndiyo yenye khatari kubwa kuliko yote. Nilikuwa na bibi mmoja wa heshima sana, aliyekuwa akija kwetu kwa jino, naye kila mara alilalamika kwamba daktari ana vyombo vikubwa. Vyombo havikuwa vikubwa. Kinywa chake kilikuwa kinafunga. Mtu mzima mwenye afya aweza kupitisha vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima baina ya meno ya juu na ya chini; bibi yule alipitisha kimoja na nusu. Mashavu yake kwa ndani yalikuwa meupe, magumu, kama ngozi ya ngoma. Hayo hufanywa na popoo: itafunwapo miaka mingi huyajaza mashavu nyuzi za kovu, na hata mtu akiacha, ugumu uliokwisha kuingia hautoki wote. Chokaa nayo huunguza pale inapowekwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, lilitangaza mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku huleta saratani, na mwaka 2004 likasema hivyo hivyo juu ya tambuu isiyo na tumbaku, na juu ya popoo yenyewe. Vile vipakiti vitamu vya popoo vinavyouzwa kwa vijana ni popoo ile ile.

Bibi alikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi. Alisema ameung'ata, na alikuwa ameung'ata kweli, lakini tangu mfungo mosi, nasi tulikuwa tumekwisha kuingia mfungo sita. Hakikuwa kikiuma, ndiyo maana hakukitaja. Daktari alilisawazisha jino lililokuwa karibu, akampa majuma mawili, na siku ya kumi na nne kidonda kilikuwa vile vile, kingo zake ngumu. Alipelekwa kukatwa kipande cha nyama kwa uchunguzi siku ile ile. Ilikuwa saratani, nayo ilikuwa bado ndogo. Alipasuliwa, akaishi miaka tisa zaidi, akisema kwa taabu kidogo, na watu wa nyumbani mwake walimfahamu.

Majuma mawili, basi. Kidonda cha kinywa ambacho umekiondolea sababu, na kikapita majuma mawili bila ya kupona, hakiwi tena cha kung'ata, hata kama ulikumbuka siku uliyong'ata. Kadhalika weupe au wekundu usiofutika, uvimbe mgumu, au kinywa kinachozidi kuwa finyu. Katika nyumba zenye wazee watumiao tambuu au ugoro, mtu mmoja awatazame vinywa mara moja kila mwezi, mchana, karibu na dirisha, vidole vikiwa safi: shavu la kulia na la kushoto, chini ya mdomo mahali ugoro unapokaa, chini ya ulimi, na mwisho ulimi ushikwe ncha kwa kitambaa, uvutwe kidogo upande huu na upande ule, ili mbavu zake zionekane mpaka nyuma.